Kusoma Mpaka Ukurasa wa Mwisho

Katika mikusanyiko yetu hapa Minneapolis na Saint Paul, iwe harusini, matangani au kwenye nyama choma za mwezi wa Julai, kuna msemo ambao haukosi mtu wa kuutamka. Husemwa kwa kicheko: ukitaka kumficha Mwafrika jambo, liandike kitabuni. Wote hucheka, na aghalabu anayecheka kwa nguvu zaidi ni yule ambaye hajafungua kitabu tangu amalize kidato cha nne. Safari hii tumeona tuuweke utani kando, tuliulize swali lililojificha ndani yake. Mtu mzima anayefanya kazi zamu mbili, anayelipa kodi ya nyumba na kutuma pesa nyumbani kila mwezi, ana sababu gani ya kuhangaika na kitabu mpaka akimalize? Atapata nini ambacho hawezi kukipata kwa kusimuliwa?

Swali hili halifai kujibiwa kwa kebehi. Huku ughaibuni kila saa ina bei yake. Anayelala saa nne kati ya zamu ya jioni kwenye nyumba ya kutunzia wazee na zamu ya alfajiri ya kubeba boksi hana haja ya kuambiwa na mtu kwamba ni mvivu. Akiketi na kitabu saa moja, saa hiyo ameitoa kwenye usingizi, kwenye ovataimu au kwa watoto wake. Kwa hiyo anayemhimiza asome sharti amwonyeshe faida inayolingana na gharama hiyo.

Majibu ya kawaida tunayajua. Kusoma huongeza maarifa, hunoa lugha, hufungua milango ya kazi. Yote ni kweli, na wenzetu walioanza kama wasaidizi wa wagonjwa wakasoma mpaka wakawa wauguzi waliosajiliwa wanaijua thamani ya vitabu vizito kuliko mtu yeyote. Lakini faida hizo ni za shule, na shule ina siku yake ya kupokea cheti. Kama kitabu ni gunia la habari tu, basi yeyote atakayelifungua na kutuonyesha kilichomo atakuwa ametutosheleza, na siku hizi simu iliyo mfukoni hufanya kazi hiyo kwa nusu dakika. Tunayoitafuta hapa ni faida isiyopatikana kwa muhtasari, ile inayomfikia yule tu aliyekaa na kitabu, akachoka nacho, akakirudia, akakimaliza.

Kabla ya kuitaja, tuuondoe kwanza uongo uliomo katika ule msemo. Watu wa pwani yetu walikuwa wakiandika na kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu tangu zamani, kabla mkoloni hajafungua shule yake ya kwanza. Utendi wa Tambuka, wenye beti zaidi ya 1,000, uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, na watu wakaunakili kwa mkono na kuusoma kwa sauti vizazi baada ya kizazi chake. Kusikiliza utendi mrefu tangu bismillahi mpaka tamati kulihitaji subira ile ile tunayoizungumzia leo.

Tanzania Bara nayo ina ushahidi wake. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ikaenea nchi nzima, darasa likawa chini ya mwembe, kwenye ghala la ushirika, popote penye kivuli. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za serikali, wasiojua kusoma walikuwa wamebaki karibu 10 tu kati ya kila watu wazima 100. Nchini Kenya, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mwaka 2003, mzee Kimani Maruge hakuona haya. Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret. Miongoni mwa sababu alizozitoa ni kwamba alitaka kuisoma Biblia mwenyewe. Machafuko ya baada ya uchaguzi yalipomwondoa kwake mwanzoni mwa 2008, aliendelea kwenda shule akitokea kambini. Alifariki mwaka 2009. Watu kama hawa hawafichwi jambo kitabuni.

Hata hivyo habari ya Tanzania ina sehemu ya pili, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu watu 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma. Sababu zilikuwa nyingi: uchumi ulianguka, shule zilikosa fedha, vitabu na magazeti ya vijijini yaliadimika. Wengi waliojifunza herufi hawakupata cha kusoma baada ya hapo, na ujuzi wao ukapata kutu kama jembe lililosahauliwa shambani. Kujua kusoma si mali ya kudumu. Ni kama Kiswahili cha watoto wetu waliozaliwa hapa: kisipotumika huondoka polepole, na siku ukikihitaji hukikuti. Ugumu haukuwa kuanza, maana mamilioni walianza. Ugumu ulikuwa kuendelea.

Basi, faida yenyewe ni ipi? Tuanze na kitabu ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa kulazimishwa. Shaaban Robert alikitoa Kusadikika mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza. Humo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kueneza elimu ya sheria. Hukumu kama vile imekwisha andikwa. Karama anaomba jambo moja tu, naye analipata: asikilizwe. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi mbalimbali, kila mmoja akarudi na jambo la manufaa, na kila mmoja akaadhibiwa badala ya kushukuriwa. Hadithi ni ndefu, na mwanafunzi wa kidato cha pili hupiga miayo ifikapo ya tatu. Lakini nguvu ya utetezi wa Karama iko katika urefu huo. Mjumbe mmoja aliyeonewa anaweza kuwa bahati mbaya. Sita ni desturi ya nchi. Baraza lingemkatiza Karama kwenye hadithi ya pili, lingekuwa na sababu zote za kumhukumu. Kwa kuwa lilimsikiliza mpaka mwisho, aliachiwa huru, na waliofungwa wakafunguliwa pamoja naye.

Sisi tunaona kwamba hapo pana jibu. Msomaji ni baraza, na mwandishi amesimama mbele yake. Kitabu kina tabia moja ambayo mazungumzo hayana: hatuwezi kukikatiza kauli. Tunaweza kukifunga tu. Kwenye kikao mtu akisema neno tusilolipenda tunaingilia, tunapaza sauti, tunamtaja baba yake. Kitabu hakibishani nasi wala hakituogopi. Kinaendelea kusema kilichotaka kusema, na sisi tukivumilia tunajifunza kazi ngumu kuliko zote katika maisha ya pamoja, nayo ni kumsikiliza mtu mpaka amalize kabla ya kumhukumu. Hiyo ndiyo faida tuliyokuwa tukiitafuta. Haiwezi kuletwa na muhtasari kwa sababu muhtasari ni hukumu iliyokwisha tolewa na mtu mwingine.

Kitabu cha pili kinalionyesha jambo hili kwa uchungu zaidi. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971. Kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni, kisha baadaye ikaja kusomwa humo humo. Rosa ni binti aliyelelewa na baba mkali na mlevi, Zakaria, ambaye alimpiga vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Anapofika masomoni, mbali na fimbo ya baba, uhuru unamkuta hajajiandaa, na maisha yake yanaharibika mpaka anajiua. Msomaji akiishia katikati, atatoka na neno moja la kumwita Rosa, na neno hilo sote tunalijua kwa sababu tumelisikia likitumiwa kwa mabinti wa watu. Akiendelea mpaka mwisho, neno hilo linaanza kumkwama kooni. Atalazimika kumtazama Zakaria, awatazame wanaume waliomtumia Rosa, autazame ukali tunaouita malezi. Huenda asiache kumlaumu Rosa. Lakini atakuwa amemwona mzima, na lawama ya mtu aliyeona mtu mzima si sawa na lawama ya aliyeona nusu yake.

Sasa tujitazame hapa tulipo. Ni magomvi mangapi katika jumuiya zetu yameanzia kwenye nusu ya habari? Sauti ya kurekodi ya dakika moja inazunguka kwenye simu kutoka Brooklyn Park hadi Burnsville, na kabla ya jioni mweka hazina wa chama ameshakuwa mwizi, ingawa taarifa ya hesabu yenye kurasa nane ipo na hakuna aliyeisoma. Mchango wa msiba unageuka ugomvi. Mzazi anamwona binti yake na rafiki asiyemfahamu kwenye maegesho ya duka, na usiku huo huo Zakaria anafufuka katika nyumba ya vyumba viwili hapa Minnesota. Watoto nao wanatuhukumu sisi kwa nusu ya habari: wanatuona wakali, wachovu, tusiocheka, wala hawajui sura zilizotangulia, kwa sababu hatujawahi kuwasimulia mpaka mwisho na wao hawana mazoea ya kusikiliza mpaka mwisho. Hatusemi kwamba riwaya itayamaliza haya. Tunasema kwamba subira ya kusikiliza ni kama msuli. Hukuzwa kwa mazoezi, na kitabu ni uwanja wa mazoezi usioumiza mtu.

Lakini vipo vitabu ambavyo subira yake ni ya namna nyingine. Huyo huyo Kezilahabi aliandika Nagona, iliyotoka mwaka 1990, na mwenzake Mzingile, mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba. Msomaji aliyezoea Rosa Mistika huvifungua akitarajia kisa cha kawaida chenye mwanzo, kati na mwisho, naye hupotea mapema. Jina Mzingile lenyewe linamwonya. Majira ya baridi moja, wachache wetu tuliamua kusoma Nagona pamoja, sebuleni, Jumamosi moja ikipita na nyingine tukikutana, kwa chai ya maziwa na mandazi. Tulikuwa Watanzania, Wakenya na mwenzetu mmoja wa kutoka Bukavu, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilikuwa katikati ya meza kama kitoweo.

Mikutano miwili ya kwanza ilikuwa ya malalamiko. Mmoja wetu, mhasibu kwa taaluma, alisema wazi kwamba mwandishi anatuchezea. Mwingine alitaka tuhamie Siku Njema ya Ken Walibora, ambako angalau mtu unajua Kongowea anamtafuta nani. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa makamo ambaye shule yake iliishia darasa la saba. Alisema kitabu hiki kinamkumbusha ngano za bibi yake: mtu anatembea, anakutana na jambo, anaendelea, na mtoto hakuruhusiwa kuuliza "kwa nini" mpaka hadithi imalizike. Tangu hapo tuliacha kukidai kitabu maelezo kila ukurasa. Tulikisoma kwa sauti, kwa zamu. Maswali yalianza kujitokeza yenyewe, juu ya ukweli, juu ya kimya, juu ya fikra tulizopewa na wengine tukaziita zetu. Tulipofika mwisho hatukukubaliana maana yake, na mpaka leo hatujakubaliana. Mhasibu bado anakiona kitabu kigumu mno. Ila alikuwa amekisoma chote, na alipokipinga alikipinga kwa kurasa, akizitaja moja moja. Ubishi wa namna hiyo hatujauona mara nyingi kwenye vikao vyetu.

Hapa tuongeze jambo ambalo wengi hawalijui. Kezilahabi alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin kilichoko Madison, mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa. Ken Walibora naye alifundisha katika chuo hicho hicho. Wote wawili walifariki mwaka 2020, mmoja Januari, mwingine Aprili. Theluji tunayoilalamikia wao pia waliikwangua kwenye vioo vya magari. Anayedhani fasihi ya Kiswahili ni kitu tulichokiacha uwanja wa ndege siku ya kuondoka, basi ajue ilipita barabara hizi hizi.

Wapo watakaouliza: je, kila kitabu lazima kimalizwe? Hapana. Maisha ni mafupi na vitabu vibovu ni vingi. Ila tutofautishe kitabu kibovu na kitabu kigumu. Kibovu ni kile ambacho mwandishi wake hana la kusema, na hilo huonekana mapema. Kurasa 50 zinatosha kukijua, nacho kiwekwe chini bila majuto. Kigumu ni kile kinachodai kwetu jambo ambalo hatukuwa tayari kulitoa: kufikiri polepole, kukubali kutokujua, kukaa na mtu tusiyempenda. Tukitaka kukifunga kitabu, tujiulize ni lipi kati ya hayo mawili linalotusukuma. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mara nyingi mgongo wetu ndio unaolalamika kabla ya akili.

Wengine watasema jambo zito zaidi: tunawajua waliosoma maktaba nzima wakabaki majeuri. Nao wana haki. Maktaba ya McMillan mjini Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, jengo zuri lenye nguzo za mawe na simba wawili mlangoni, limejaa vitabu. Mpaka mwaka 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Kwa hiyo watu walioketi kwenye viti vile wakisoma juu ya haki na utu wa mwanadamu walikuwa wamemfungia mlango mwenye nchi, na wengi wao hawakuona kichekesho. Kusoma hakumfanyi mtu kuwa mwema kama vile kuoga hakumfanyi kuwa mwadilifu. Kitabu humpa msomaji nafasi ya kusikia. Aliyeziba masikio hutoka kama alivyoingia. Pia tunajifunza kwamba haitoshi kusoma sana. Inatupasa tuulize ni sauti za nani tunazisikiliza mpaka mwisho, na za nani hatujawahi hata kuzifungulia mlango. Mtanzania amsome Mkenya, Mkenya amsome Mkongo, mwanamume asome kilichoandikwa na mwanamke, na aliye kijana asome waraka wa mzee.

Linabaki suala la muda, ambalo ndilo kubwa kwetu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare na kuitoa kwa Kiswahili mwaka 1963, nchi ikiwa changa na matatizo yake yakiwa tele mezani pake. Hakuridhika na kazi yake, akairudia, na tafsiri iliyosahihishwa ikatoka mwaka 1969, mwaka uleule aliotoa Mabepari wa Venisi. Hatumtaji ili kumwaibisha mtu wa zamu mbili, kwa sababu rais hapikiwi na mtu yuleyule anayemwoshea vyombo na kumpeleka watoto shule. Tunamtaja kwa sababu ya lile neno la kurudia. Alikisoma kitabu kimoja kiasi cha kukitafsiri mara mbili. Kusoma kwa subira si lazima kuwe kusoma kwingi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kurasa 10 kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 18 vya kurasa 200 kila kimoja. Tukipunguza nusu kwa sababu ya uchovu, misiba na magari yanayogoma kuwaka wakati wa baridi kali, bado ni vitabu tisa. Treni ya Green Line, iliyoanza Juni 2014 kati ya Minneapolis na Saint Paul, huchukua takriban robo tatu ya saa kutoka katikati ya mji mmoja hadi katikati ya mwingine. Hizo ni kurasa 15 kwenda na 15 kurudi kwa msomaji wa mwendo wa kobe. Nayo majira ya baridi, tunayoyalaani kila mwaka, yana zawadi yake. Katikati ya Desemba jua huzama yapata saa kumi na nusu jioni. Usiku ni mrefu na nje hakukaliki.

Vitabu navyo viko karibu. Maktaba za Kaunti ya Hennepin zina matawi 41, likiwemo lile kubwa la Nicollet Mall lililofunguliwa mwaka 2006. Saint Paul iliondoa faini za kuchelewesha vitabu mwaka 2019, na Hennepin ikafanya hivyo mwaka 2021, kwa hiyo ile hofu ya deni la senti inayotufukuza mlangoni haina msingi tena. Kitabu kisichokuwepo tawini kinaweza kuombwa kwa mkopo kutoka maktaba nyingine za jimbo, zikiwemo za vyuo vikuu. Anayetaka kuona kwamba sisi si wa kwanza kupita njia hii aende Maktaba ya Franklin, katika barabara ya Franklin, Minneapolis. Ilijengwa mwaka 1914 kwa fedha za Carnegie, na wasomaji wake wengi wa mwanzo walikuwa wahamiaji kutoka Skandinavia, ambao waliazima humo vitabu vya lugha zao wenyewe. Leo jirani zake ni pamoja na watu wa Afrika Mashariki, na kwa miaka mingi watu wazima wamekuwa wakipata humo msaada wa bure wa kujifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Wale Waswidi na Wanorwe walibeba magogo na magunia ya unga kama sisi tunavyobeba boksi, na jioni walisoma.

Mtihani wa uraia wa nchi hii humtaka mwombaji asome kwa usahihi sentensi moja kati ya tatu. Hicho ndicho kiwango ambacho Marekani inatudai. Hatuna ugomvi nacho, lakini tusikubali kiwe kipimo chetu sisi kwa nafsi zetu, wala kwa watoto wetu. Mtoto haambiwi asome. Humwona mtu akisoma. Akimwona mama yake na kitabu mkononi usiku wa baridi, na simu iko chumba kingine, amepata somo ambalo hakuna mwalimu anayeweza kumpa.

Wala hatuna haki tena ya kusema hakuna cha kusoma kwa lugha yetu. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana na kuhamia Uingereza, alipopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 sote tulishangilia, tukapeana pongezi kama tuliomlea. Riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na tafsiri ya Kiswahili iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, Peponi, ikatoka mwaka 2022. Msomaji wa Kiswahili alingojea miaka 28. Ni habari ya Yusuf, mtoto anayechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, bila kuelezwa anakwenda wapi wala kwa nini. Wangapi kati ya tulioshangilia tumeisoma? Wangapi tumewasomea watoto wetu, ambao nao walichukuliwa wakiwa wadogo na kuletwa kwenye theluji bila kuelezwa sababu? Mzazi anayeshindwa kuuanza mwenyewe mjadala huo na mwanawe anaweza kuuanza kwa Yusuf.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, rai yetu ni ndogo. Theluji haijayeyuka. Kila mmoja na achague kitabu kimoja, kimoja tu, ambacho aliwahi kukiacha katikati: Kusadikika ya shuleni, Utengano, Vuta n'kuvute, au chochote kile. Akirudie pale alipokiachia, asome kurasa 10 kwa siku, na asikitolee neno mpaka atakapofika ukurasa wa mwisho. Kisha tukutane, tubishane.